Deni letu kwa watoto waliofungwa miguu

Katika mitaa na vijiji vyetu, mtoto asiyetembea vizuri huitwa kilema, na neno hilo likishatamkwa maulizo huishia hapo. Hatuulizi tena kama alizaliwa hivyo au kama alipatwa akiwa tayari anakimbia na wenzake. Hatuulizi kama mguu umelegea au umekakamaa, kama ni mmoja au yote miwili. Neno moja linafunika magonjwa ya kila namna, kama turubai moja linavyofunika mizigo yote juu ya lori. Na tunapofunika hivyo, hatuoni tena ni ugonjwa upi ungeweza kuzuiliwa, ni upi ungeweza kupunguzwa, na ni upi unahitaji subira ya wazazi na mkono wa jirani.

Leo tungependa kuinua pembe moja tu ya turubai hilo. Tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya ugonjwa wa neva na wa mwendo uitwao konzo. Tumeuchagua kwa sababu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kwa sababu chanzo chake kimechunguzwa na kinajulikana, na kwa sababu, pamoja na hayo yote, watoto wetu wanaendelea kupatwa nao. Ugonjwa ambao kinga yake haijulikani unatudai kuwafariji wagonjwa. Ule ambao kinga yake inajulikana unatudai zaidi ya faraja.

Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wayaka, watu wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, kuelekea mpaka wa Angola. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Inasimuliwa kwamba ndilo jina la hirizi ya wawindaji, iliyosadikiwa kudhoofisha miguu ya mnyama ili asiweze kutoroka. Aliyewahi kumwona mtoto mwenye konzo akitembea anaelewa kwa nini wazee walichagua jina hilo: magoti yanasuguana, mguu mmoja unakata njia ya mwingine, visigino havigusi ardhi, na mtoto anasonga mbele kwa ncha za vidole kana kwamba kuna kamba isiyoonekana kati ya miguu yake.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha taarifa juu ya ugonjwa huu kama ulivyoonekana Kwango. Baada ya hapo ulisahauliwa na wengi, isipokuwa na wale waliokuwa wakiugua. Mwaka 1981, ukame mkali ulipoupiga mkoa wa Nampula huko Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Huko waliuita mantakassa. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, kaskazini mwa Tanzania, nako pia ukame ukiwa umetangulia. Na mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za konzo huko Burhinyi, katika Kivu ya Kusini, sehemu iliyochoshwa na vita. Kwa hiyo sisi watu wa mashariki hatuwezi kusema kwamba ni shida ya Kwango peke yake. Imekwisha kuvuka misitu na mito, ikafika milimani kwetu.

Konzo huja ghafla. Mtoto analala akiwa mzima, asubuhi anataka kuinuka kwenda kuchota maji, na miguu inakataa. Mara nyingine hutokea baada ya mwendo mrefu au siku ya kazi nzito. Katika siku chache tu, pasipo kupita juma moja, ugonjwa unafika mwisho wa nguvu zake, kisha unasimama. Hauongezeki, lakini pia hauondoki. Wapo watakaotembea bila kushika kitu, ingawa kwa shida. Wapo watakaohitaji fimbo moja au mbili. Na wapo ambao hawatasimama tena kwa miguu yao. Kwa wale waliopigwa sana, hata maneno hutoka kwa uzito, na macho hupungukiwa nguvu. Tena aliyepatwa mara moja, akiendelea kula chakula kilekile kilichomdhuru, anaweza kupigwa mara ya pili, na hali yake ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Inafaa kila mzazi ajue kutofautisha. Polio huacha mguu umelegea na kukonda, na mara nyingi mguu mmoja unaathirika kuliko mwingine. Mtindio wa ubongo huanza tangu tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika umri mchanga sana, na mama hugundua kwamba mtoto anachelewa kukaa na kutembea. Konzo humpata aliyekuwa tayari anatembea vizuri. Huikakamaza miguu yote miwili kwa namna moja. Na mgongo wake hauna jeraha wala ugonjwa wowote. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu, pamoja na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mtoto mchanga anayenyonya hapatwi. Na mara nyingi si mtu mmoja tu katika nyumba: ni kaka na dada, au mama na mwanawe, kwa kuwa walikula katika sahani moja.

Hatusemi haya kwa sababu tumeyasoma tu. Sisi wawili, mume na mke, tunaishi Bukavu, na nyumbani mwetu anakaa binti wa ndugu yetu, aliyeshuka kutoka milimani akiwa na miaka minane ili apate kusoma. Anatembea kwa fimbo mbili. Wanaoujua mji wetu wanajua maana yake: mji wa vilima, wa ngazi za udongo, wa vijia ambavyo mvua ya saa moja inavigeuza kuwa matope yanayoteleza. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukimbeba mgongoni kwa zamu hadi barabarani, asubuhi na mchana. Nauli ya moto kila siku ingekula unga wa nyumba. Wanafunzi wenzake walimzoea upesi kuliko watu wakubwa. Baada ya majuma machache walikuwa wakigombana nani ambebee begi.

Kabla hajafika kwetu, familia ilipita njia ndefu. Katika kituo kimoja cha afya waliambiwa kwamba ni polio, wakarudi nyumbani bila swali lolote juu ya chakula. Kijijini walisema amerogwa. Bibi mmoja mjane, jirani yao, alianza kutazamwa kwa jicho baya kwa sababu alikuwa amempa mtoto huyo kipande cha muhogo siku mbili kabla. Ilibaki kidogo afukuzwe katika nyumba yake. Tunalikumbuka jambo hili kila tunaposikia watu wakisema kwamba utafiti ni kazi ya wasomi, isiyowahusu watu wa kawaida. Pale ambapo sababu ya kweli haijulikani, mtu asiye na kosa anatafutwa ili abebe lawama.

Jioni moja, tulipokuwa tukichambua maharagi, mtoto aliuliza: “Mama mdogo, zamani kuna watu walikuja kijijini wakachukua mkojo wetu katika vichupa. Walikuwa wanatafuta nini?” Lilikuwa swali jema, na lilitulazimu kutafuta jibu ambalo mtoto wa miaka kumi angeweza kulibeba. Tunalieleza hapa kama tulivyomweleza yeye, tukiongeza machache.

Muhogo unabeba ndani yake kitu kiitwacho linamarini. Mzizi ukipondwa au kuloweshwa, linamarini hukutana na kimeng’enya kilichomo katika muhogo huohuo, nayo huvunjika, na mwishowe sianidi hutoka. Sianidi ni sumu. Ikitoka kama hewa na kupotea angani, unga unabaki salama; ikibaki katika unga, inaingia tumboni pamoja na bugali. Muhogo mchungu unayo nyingi kuliko muhogo mtamu, na wakati wa ukame mmea huizidisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba unga wa muhogo usizidi sehemu 10 za sianidi katika sehemu milioni moja. Katika vijiji vya konzo unga huvuka kipimo hicho kwa mbali.

Mwili wa binadamu nao una njia ya kujikinga. Huigeuza sianidi kuwa thiosianati, isiyo na ukali kama ule, na thiosianati hutoka katika mkojo. Hiyo ndiyo maana ya vichupa: wingi wa thiosianati huonyesha ni sumu kiasi gani mtoto amekula. Lakini ili mwili ufanye kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo huipata katika protini za chakula: samaki, nyama, mayai, maharagi, karanga. Muhogo wenyewe una protini kidogo sana. Kwa hiyo nyumba ambayo asubuhi na jioni hula bugali wa muhogo mchungu, bila sambaza wala maharagi, inapigwa pande mbili: sumu inaingia kwa wingi, na silaha ya kuishinda haipo. Watafiti bado wanachunguza ni kwa njia gani hasa sumu hiyo inaharibu neva zinazoongoza miguu. Hata hivyo, uhusiano kati ya muhogo usiotayarishwa vizuri, upungufu wa protini na konzo umeonekana tena na tena, nchi kwa nchi.

Hapa mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tunalima muhogo mchungu? Wakulima wanajua jibu. Muhogo huo huzaa hata katika udongo uliochoka. Nguruwe pori na panya huuogopa, na mwizi hawezi kung’oa mzizi na kuutafuna njiani. Unaweza kuachwa ardhini muda mrefu kama ghala isiyo na mlango. Na wazee wetu hawakuwa wajinga: waliuloweka majini siku tatu au nne hadi ulainike, kisha wakauanika na kuutwanga. Kwa njia hiyo walikula muhogo mchungu vizazi kwa vizazi bila kupooza.

Shida huanza pale siku nne zinapogeuka kuwa moja. Thorkild Tylleskär, pamoja na wenzake wa Kongo na wa ng’ambo, walionyesha jinsi ilivyotokea Bandundu: barabara ya lami ilirahisisha safari za malori kuelekea Kinshasa, muhogo ukawa ndio mazao ya kuleta fedha, na ili kuwahi wanunuzi familia zikafupisha muda wa kuloweka. Barabara, ambayo kila mtu aliiomba, ilileta pesa na pia ikaleta hatari ambayo hakuna aliyeitazamia. Penye ukame, njaa ndiyo inayofupisha siku. Penye vita, ni hofu: nani atauacha muhogo wake kijitoni siku nne, huku hajui kama usiku huu atalala nyumbani au porini? Kwa hiyo tusiwanyoshee kidole kina mama. Mama anayeloweka muhogo siku moja anajua vizuri kwamba siku nne ni bora. Anachokosa si akili. Anakosa amani, maji ya karibu, na chakula kingine cha kungojea nacho.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni. Mwaka 2013, Michael Boivin wa Marekani na Désiré Tshala-Katumbay, daktari wa neva mzaliwa wa Kongo, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya Kahemba, katika Kwango. Waliwapima watoto wenye konzo kwa majaribio ya kukumbuka, kujifunza na kutumia mikono. Walikuta kwamba ugonjwa hauishii miguuni: watoto hao walikuwa nyuma ya wenzao katika kumbukumbu na katika kujifunza. Tena, watoto majirani wasio na dalili za konzo, ambao miguu yao ilikuwa mizima, nao walionyesha upungufu kuliko watoto wa sehemu isiyo na ugonjwa huo. Uchunguzi uliofuata kwa miaka minne ulionyesha kwamba shida hizo za akili na za mwendo haziondoki upesi. Siku za karibuni zaidi wengine wamechunguza hata bakteria wa tumboni mwa watoto wa Kahemba, ili kuelewa kwa nini, katika kijiji kimoja, huyu anapatwa na yule anaponyoka.

Habari hii ilibadilisha namna yetu ya kuishi na binti yetu. Zamani, alipochelewa kumaliza hesabu, ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni uvivu, au kwamba anawaza mchezo. Siku hizi tunajua kwamba anahitaji muda mrefu zaidi na maelezo kurudiwa, na mwalimu wake, baada ya kuelezwa, anamketisha mbele na kumwachia dakika za nyongeza. Ni msaada usiogharimu hata faranga moja. Lakini mwalimu asingeutoa kama mtafiti asingekwenda Kahemba na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Tumefika sasa kwenye deni tulilotaja katika kichwa cha habari. Utafiti huu wote ulijengwa juu ya watu maskini waliotoa damu yao, mkojo wao na siku zao za shamba. Hans Rosling, daktari wa Uswidi aliyejulikana duniani kote, alisimulia yaliyompata mwaka 1989 huko Makanga, katika Bandundu. Alikuwa amekwenda kuchunguza konzo. Watu wa kijiji walidhani kwamba amekuja kuchukua damu yao ili aiuze, na wanaume wakamzunguka kwa hasira, wengine na mapanga mikononi. Ndipo mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka kama hamsini, asiye na viatu, akasimama mbele ya wenzake. Aliwakumbusha watoto waliokuwa wakifa kwa surua, na jinsi chanjo ilivyokomesha vifo hivyo. Akawauliza kama wanafikiri chanjo hiyo iliota mtini. Akawaeleza kwamba ilipatikana kwa kuchunguza, na kwamba konzo nayo itashindwa kwa njia hiyohiyo. Kisha akanyosha mkono wake ili yeye mwenyewe atolewe damu. Mapanga yakashushwa, na watu wakapanga mstari.

Jina lake halikuandikwa. Hakuwa na shahada yoyote. Hata hivyo, bila yeye kazi ile ingekwama siku ile. Sisi tunaona kwamba alifanya mapatano kwa niaba ya watoto wote wa vijiji vya muhogo: chukueni damu yetu, lakini mturudishie jibu. Damu ilichukuliwa. Jibu je, limewafikia?

Kwa sehemu, ndiyo. Howard Bradbury, mtaalamu wa kemia wa Australia, pamoja na wenzake, walibuni njia nyepesi ya kusafisha unga ambao tayari umetwangwa. Tunaieleza kikamilifu, kwa kuwa ndiyo faida kubwa ambayo msomaji anaweza kuibeba kutoka katika kurasa hizi. Mama anatia unga katika beseni, anausawazisha na kuweka alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Anaongeza maji polepole huku akikoroga. Mwanzoni unga unashuka. Akiendelea kuongeza maji, unapanda tena hadi alama ile. Hapo anaacha. Anautandaza unga uliolowa juu ya mkeka au turubai safi, unene wake usizidi sentimeta moja, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Katika muda huo kimeng’enya kinamaliza kazi yake, na sianidi inatoka na kupotea hewani. Kisha unga unapikwa bugali siku hiyohiyo, kama kawaida. Hahitaji kuni zaidi, wala dawa, wala chombo kipya.

Njia hiyo ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, kanda ya afya ya Popokabaka, kwa kazi ya Jean-Pierre Banea na wenzake wa Kongo pamoja na Bradbury. Kijiji hicho kilikuwa na wagonjwa 34 wa konzo. Kina mama walifundishwa, wakafuatwa kwa muda wa mwaka na nusu hivi, na katika muda huo hakutokea mgonjwa mpya hata mmoja. Thiosianati katika mkojo wa watoto ilishuka. Na jambo linalotufurahisha kuliko yote: bila kutumwa na mtu, kina mama wa Kay Kalenge waliwaambia jamaa zao wa vijiji jirani, na njia ikaanza kutumika huko pia.

Tulipoipeleka milimani kwetu, mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema: “Wanangu, kulowesha unga mara ya pili ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Mimi nikitoka shamba, watoto wanalia njaa.” Hakuwa amekosea, nasi hatukubishana naye. Siku ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia: unga utandazwe kabla ya kwenda kisimani na kabla ya kubandika maharagi, kwa sababu maharagi hayaivi kabla ya saa mbili. Alipoonja bugali ule alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba uchungu umeondoka. Tangu siku ile ni yeye anayewafundisha wengine, na maneno yake yana uzito kuliko yetu, kwa sababu anayajua mikono yake ilikopita.

Lakini tusijidanganye kwamba beseni na mkeka vinatosha. Unga uliosafishwa ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni sahani yenye kitu kingine pembeni ya bugali. Gunia la mbegu za maharagi linalogawanywa mapema, karanga zinazopandwa kati ya mistari ya muhogo, kisima kilichojengwa karibu, barabara ambayo mtu anaweza kuipita bila kuporwa: hivi vyote ni dawa ya konzo, ingawa havipatikani katika duka la dawa.

Tena wapo watoto ambao kinga imewachelewea. Kwao hatuna dawa ya kuwarudishia miguu ya zamani, lakini yapo mengi ya kufanya. Mazoezi ya kunyosha viungo, yakifanywa kila siku, huzuia misuli isikakamae zaidi. Kwa baadhi yao, upasuaji wa kurefusha mshipa wa kisigino huwawezesha kuukanyaga udongo kwa unyayo mzima. Fimbo iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto, na kubadilishwa kadiri anavyokua, inamwondolea maumivu ya mgongo. Mjini Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinajulikana kwa kazi yake kati ya walemavu, na miji mingine mikubwa ina vituo vya namna hiyo. Lakini mtoto wa konzo anaishi mahali ambapo barabara zimekwisha. Wataalamu wa mazoezi ya viungo ni wachache, na madaktari wa neva ni wachache zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki mikononi mwa nyumba: mama, baba, dada mkubwa, aliyeonyeshwa mara moja jinsi ya kuunyosha mguu, anaurudia kila jioni bila kuchoka. Sisi tumejifunza kwamba dakika ishirini kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa juma.

Ndugu wasomaji, tunafikiri kwamba mapatano ya yule mama wa Makanga yanatuhusu sisi tuliosoma kidogo, tulio na simu, redio, shule na mikutano. Watafiti walifanya sehemu yao na wanaendelea kuifanya. Lakini jibu lililochapishwa katika jarida la ng’ambo haliwezi kupanda mlima peke yake. Linahitaji kubebwa: na muuguzi anayemuuliza mama “Mlikula nini mwezi huu?” kabla ya kuandika polio, na mwalimu anayejua kwamba mtoto wa fimbo mbili anahitaji pia muda wa kukumbuka, na mzee wa kijiji anayesimama kumtetea mjane anayesingiziwa uchawi, na kila mmoja wetu anayerudi kijijini wakati wa likizo, akiwa na nguo za zawadi na sukari katika begi lake. Hakuna zito katika maelezo ya beseni, alama, maji, mkeka na saa mbili za jua. Yanaweza kusafiri pamoja na sukari.

Konzo huzidi wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, maharagi yanapokwisha ghalani na muhogo unapobaki peke yake jikoni. Kiangazi hakiko mbali. Tuanze sasa: tuwatembelee jamaa zetu wa milimani kabla mvua haijakatika, tuwaulize wanaloweka siku ngapi, tutandaze unga pamoja nao mara moja mbele ya macho yao, na tuwaachie mbegu za maharagi. Na pale tutakapomkuta mtoto ambaye tayari amefungwa miguu, tumwite kwa jina lake, tumpimie fimbo inayomfaa, na tumwandikishe shuleni mwaka huuhuu.